Cheti cha EMT Marekani: Kipi Kitangulie

Ukifika Marekani na kuwauliza waliokutangulia ni kazi gani ya afya inayoingilika upesi, wengi watakujibu CNA, kazi ya kuwahudumia wazee na wagonjwa vitandani. Ni kazi ya heshima, na imewasomesha wadogo zetu wengi kule nyumbani. Lakini jirani na mlango huo upo mwingine ambao watu wetu huupita bila hata kuuchungulia: EMT, yule mhudumu anayeshuka kwenye ambulensi ukipiga 911.

Nikiwa mkufunzi wa kozi hii, nimezoea kuulizwa, "Kwani yule si dereva?" Swali hilo lina historia. Hadi miaka ya 1960, ambulensi nyingi za Marekani ziliendeshwa na wenye biashara ya mazishi, kwa kuwa gari la maiti ndilo lililokuwa na nafasi ya mtu kulala akajinyoosha. Dereva alikuwa dereva kweli. Mgonjwa alijikalia nyuma na Mungu wake. Mwaka 1966 ripoti ya National Academy of Sciences ikaianika aibu hiyo. Mwaka uliofuata, mjini Pittsburgh, ikaanzishwa huduma ya ambulensi ya Freedom House, iliyowachukua vijana weusi wa mtaa wa Hill District, wengi wao wasio na ajira. Daktari Peter Safar, mmoja wa waasisi wa CPR ya leo (kumbonyeza kifua na kumpulizia pumzi mtu ambaye moyo wake umesimama), ndiye aliyesimamia mafunzo yao, wakawa miongoni mwa wa kwanza nchini kumtibu mgonjwa njiani. NREMT, masjala ya taifa inayotoa cheti, iliundwa mwaka 1970. Vijana wale wasio na ajira ni miongoni mwa walioifungulia kazi hii njia, kwa hiyo hakuna sababu ya kijana aliyetoka kambi ya wakimbizi au kijijini kujiona mgeni ndani yake.

Mafunzo yenyewe si marefu: kati ya saa 120 na 200 hivi kutegemea jimbo, yaani muhula mmoja wa chuo cha jamii, au wiki chache ukisoma kutwa. Majimbo mengi yanataka uwe na miaka 18. Utahitaji kadi ya CPR ya wahudumu wa afya, chanjo, kipimo cha kifua kikuu, na kukubali rekodi zako za polisi zichunguzwe. Hakikisha kozi imeidhinishwa na ofisi ya huduma za dharura ya jimbo lako kabla hujalipa hata senti. Nadharia unaweza kuisoma mtandaoni. Ila anayekuahidi cheti bila kushika machela wala kupanda ambulensi ya mazoezi, mkimbie. Na kama ulisomea dharura Nairobi au Dar es Salaam, ujuzi huo utakufaa sana darasani, lakini cheti chake hakihami chenyewe. Iulize ofisi hiyohiyo ya jimbo.

Utafundishwa kufungua njia ya hewa, kumpumulisha mtu kwa mfuko na barakoa, kutumia mashine ya kushtua moyo, kuzuia damu, kuzalisha, kumpa glukosi mwenye sukari iliyoshuka na naloksoni aliyezidisha dawa za kulevya. Dripu, katika majimbo mengi, ni za ngazi za juu.

Hayo yote hukaririka. Kinachowaangusha watu ni mpangilio. Chukua mfano: gari limegonga nguzo, dereva kalala pembeni, damu inamruka pajani, na waya wa umeme umedondoka karibu yake. Unaanza na nini? Mwanafunzi aliyewahi kufanya kazi wodini hukimbilia kupima presha. Mwenye huruma hukimbilia paja. Wote wawili wameukanyaga waya. Kwanza unasimama mbali na kuita wanaoweza kuukata umeme. Ukishahakikishiwa usalama, unaifunga ile damu. Njia ya hewa inafuata, halafu upumuaji. Presha itasubiri. Mtihani wa taifa umejengwa juu ya hilo: maswali ya tathmini ya awali pekee, zile dakika za kwanza na mgonjwa, huchukua karibu asilimia 40.

Mtihani huo hufanywa kwa kompyuta, kwa Kiingereza, kwa ada ya dola 104. Una maswali kati ya 70 na 120, na muda wa juu ni saa 2. Ukipatia, linalofuata huja gumu zaidi, ndiyo maana hata waliofaulu hutoka wakiwa na hakika kwamba wamefeli. Kompyuta ikikukatia kwenye swali la 70, hilo peke yake halikuambii lolote. Ukishindwa, unangoja siku 15 na kurudi. Ukishindwa mara tatu, unasoma saa 24 za marudio ndipo upewe nafasi tatu nyingine. Baada ya hapo ni kozi upya.

Kuna jambo ambalo huwapotezea watu miezi: cheti cha NREMT si leseni. Masjala inathibitisha kwamba unaweza. Jimbo ndilo linalokuruhusu kumgusa mgonjwa. Watu hufanya sherehe, wakapiga picha, kisha mwajiri anawauliza leseni iko wapi. Peleka maombi jimboni mara tu jina lako linapotokea kwenye masjala.

Mshahara nao tusiupambe. Wastani wa kati nchini ni zaidi kidogo ya dola 40,000 kwa mwaka. Wengi huutumia u-EMT kama ngazi ya kwendea uparamediki (daraja la juu zaidi la wahudumu wa ambulensi), uuguzi au zimamoto.

Lugha, ambayo wengi huiogopa, ndiyo mtaji wetu. Bibi Mkongomani au Mtanzania akikwambia "nina kifua", huenda anazungumzia kikohozi au pumu, si lazima moyo. Akisema "nina sukari", hajakuambia kama imepanda au imeshuka. Amekupa jina la ugonjwa tu. Mkalimani wa simu ataitafsiri sentensi hiyo neno kwa neno, na ambulensi ikaelekea kwenye hitimisho lisilo lake. Wewe utamuuliza, "Kinabana au unakohoa, bibi?"

Cheti hudumu miaka miwili na huisha tarehe 31 Machi. Kukihuisha kunadai saa 40 za mafunzo. Yale ya kazini yanaweza kuhesabiwa, ila yaingize kwenye akaunti yako ya NREMT siku ileile unapoyamaliza. Februari ya mwaka wa pili, mkufunzi aliyekusainia huwa keshahamia jimbo jingine.