Nayika: mwanamke apendaye katika picha za Kihindi

Neno nayika ni la Kisanskriti. Nayaka ni mhusika mkuu wa kiume katika mchezo wa kuigiza au shairi. Nayika ni mwenzake wa kike. Katika picha ndogo za kale za India, zile zilizochorwa kwenye karatasi ili zishikwe mkononi, nayika ni mwanamke aliyezama katika mapenzi. Usitafute sura ya mtu fulani. Ndani ya mkusanyo mmoja uso wake ni ule ule: wa ubavuni, jicho refu, nywele nyeusi. Kinachochorwa ni hali yake na mpenzi wake saa hiyo, nawe unaisoma kwenye kitanda, mlango, mapambo na hata mawingu.

Hali hizo ni nane. Zimetajwa tangu Natyashastra, kitabu cha sanaa ya maigizo kinachonasibishwa na Bharata, kisha washairi wakazipamba. Bhanudatta alizieleza kwa Kisanskriti katika Rasamanjari. Mwaka 1591 Keshavdas wa Orchha, mji wa India ya kati, akatunga Rasikapriya kwa Kibraj, lugha ya ushairi ya India ya kaskazini, na humo wapenzi ni Radha na mungu Krishna. Wachoraji wa makasri ya Rajasthan na ya vilima vya Himalaya wakazigeuza beti hizo kuwa picha.

Mimi humpenda zaidi abhisarika, yule anayetoka usiku kumfuata mpenzi wake. Usiku wa kiza huvaa buluu iliyokolea ili asionekane; usiku wa mbalamwezi huvaa nyeupe, apotelee ndani ya mwanga. Nyoka wamezagaa njiani, radi inachora uzi wa dhahabu mawinguni, mazimwi yanachungulia mitini. Katika baadhi ya picha njuga imemchomoka mguuni na kulala chini, naye yumo safarini.

Vasakasajja ametandika kitanda, amejipamba, anangoja. Virahotkanthita naye anangoja, ila moyo umeanza kumuuma. Vipralabdha ameahidiwa, mtu hakuja. Anavua vito vyake na kuvitupa. Proshitabhartruka mumewe yuko safari ya mbali. Svadhinabhartruka ndiye aliyemweka mpenzi wake kiganjani: utamkuta Krishna, mungu mzima, ameushika mguu wa Radha anaupaka rangi nyekundu.

Mbili zilizobaki ni ugomvi mmoja uliokatwa vipande viwili. Khandita anamkaripia mwanamume aliyerudi alfajiri na alama za mwanamke mwingine mwilini. Kalahantarita ameshamfukuza, jamaa anaonekana akiondoka, amempa mgongo, na mwanamke ameanza kujuta.

Picha za Basohli, ufalme mdogo wa vilima vya Himalaya, ndizo kali kuliko zote: nyekundu na njano zisizo na kivuli, na vipande vya mabawa ya mbawakawa vimebandikwa ving'ae kama zumaridi. Devidasa alichora Rasamanjari ya huko kwa ajili ya mfalme wake, Raja Kirpal Pal, mnamo 1695.

Lakini angalia jinsi hali zote nane zinavyopimwa kwa mwanamume: yupo, hayupo, amechelewa, amekosa. Nayaka mwenyewe vitabu vimempa aina nne tu: mwaminifu, anayewagawia wake wengi mapenzi sawasawa, mwongo, na asiye na haya. Anayesimama mbele ya khandita asubuhi, macho mazito kwa kukesha, si yule wa kwanza.