Valvu ya usalama ya hita ya maji: ni nini, na ipangwe vipi kabla ya plasta

Valvu ya usalama ni kile kipande kidogo cha shaba kinachofungwa kwenye bomba la maji baridi, pale linapoingia kwenye hita ya tangi. Ina mshale ubavuni, kimkono cha plastiki, na ncha iliyo wazi inayotoa matone. Kwa kawaida huja ndani ya boksi la hita, kwenye mfuko mmoja na boliti, na kwa udogo wake mafundi wengine huiacha humo. Wasiiache. Tangi bila valvu hii ni hatari kwa kila anayelala nyumba hiyo.

Inafanya kazi mbili. Kwanza, inaruhusu maji kuingia kwenye hita lakini hairuhusu yarudi. Dodoma hilo lina maana kubwa: maji ya mgao yakikatika na simtanki likaisha, tangi la hita hubaki limejaa, na koili, yaani chuma kinachopasha maji, haiungui kwa kuwaka kavu.

Pili, inatoa presha iliyozidi. Maji yakipata moto hutanuka: lita 80 zikipanda kutoka nyuzi joto 20 hadi 60 huongezeka kama lita 1.2. Kurudi haziwezi, na koki zote za nyumbani zimefungwa. Presha hupanda mpaka ifikie kiwango kilichochorwa kwenye valvu, mara nyingi 0.7 au 0.8 MPa, yaani bar 7 au 8. Hapo ndipo matone huanza. Hata nyumba yenye simtanki la mita tatu tu juu ya bafu, ambalo presha yake ni kama bar 0.3, itafika huko, kwa sababu presha hii inazaliwa ndani ya hita yenyewe.

Kwa hiyo valvu kudondosha wakati hita inawaka si ubovu. Ubovu ni kudondosha wakati maji ni ya baridi na umeme umezimwa. Hapo ama mchanga umekaa kwenye kiti cha valvu, yaani pale inapojifungia, ama presha ya bomba la mtaani ni kubwa mno na inahitaji kipunguza presha. Kuziba ile ncha kwa plagi ni kosa lisilosameheka. Themostati, kifaa kinachokata umeme maji yakishapata moto wa kutosha, ikigoma kukata, maji ndani ya tangi lililozibwa yatavuka nyuzi 100 bila kuchemka, ilhali kwenye sufuria wazi hapa Dodoma, mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Tangi likipasuka, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo.

Sasa upangaji. Mpangilio wa bomba la baridi ni huu: koki, kisha valvu, kisha hita, mshale ukielekea hita. Kati ya valvu na hita isiwekwe koki yoyote. Ikifungwa, ni sawa na kutokuwa na valvu. Kwenye ncha ya matone unganisha bomba la kumwagia linaloteremka moja kwa moja hadi kwenye shimo la sakafu au nje, mahali mtu anapoona. Lisipande, lisiwe na koki, na mwisho wake ubaki wazi. Mfereji wake ukatwe ukutani kabla ya plasta, maana ukisahaulika, ukuta utalowa kila siku hita inapowashwa.

Chini ya hita acha nafasi ya kutosha kuchomoa koili. Tangi la lita 80 likijaa huzidi kilo 100, hivyo ukuta dhaifu haufai. Familia inayooga kwa ndoo ya lita 20 haihitaji tangi kubwa hivyo: lita 30 za nyuzi 60 zikichanganywa na za baridi hutoa karibu ndoo tatu za vuguvugu. Ukitumia mixa, yaani koki inayochanganya maji ya moto na baridi, baridi na moto vitoke chanzo kimoja. Baridi ikitoka bomba la mtaani na hita ikilishwa na simtanki, baridi itausukuma moto urudi nyuma.

Umeme kwa ufupi: hita ya wati 1,500 huvuta ampea 7 hivi. Iwe na laini yake ya waya wa milimita za mraba 2.5, breka ya ampea 16, arthi, na kinga ya kuvuja umeme ya miliampea 30.

Adui wa valvu hapa kwetu ni chokaa. Maji ya visima huacha ukoko mweupe kwenye birika, na ukoko huohuo huigandisha valvu ikiwa imefungwa. Inua kimkono mara moja kwa mwezi hadi maji yatoke, mkono ukiwa mbali na ncha, na themostati isizidi nyuzi 60.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza, fungua koki ya moto hadi maji yatoke bila kukohoa hewa, kisha ifunge, ndipo uwashe. Hita ikishapata moto na hakuna tone lililotoka, gusa bomba la baridi chini ya valvu kwa tahadhari. Likiwa la moto, valvu haizuii, na maji yanarudi kwenye simtanki. Zima umeme, subiri maji yapoe, kisha uivue valvu uikague.