Kelele za watoto alfajiri: anza kuzitibu jioni

Katika kliniki ya watoto ninakofanya kazi kama muuguzi, akina mama huja kwa ajili ya chanjo na kupima uzito, lakini wakishakaa kwenye benchi huanza kusimulia asubuhi zao. Mtoto anaamka saa 11 alfajiri, anaimba, anagonga sufuria, anamwamsha mdogo wake, na baba ndiyo kwanza amerudi kutoka lindo. Nyumba zetu nyingi za kupanga hazina dari, ukuta unaishia chini ya bati, kwa hiyo kelele za chumba kimoja ni za nyumba nzima. Aibu mbele ya majirani humfanya hata mzazi mpole awe mkali.

Mimi huuliza kwanza: jana alilala saa ngapi, mchana na usiku? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji masaa 10 hadi 13 ya usingizi kwa siku, ukijumlisha na wa mchana. Basi aliyelala saa 1 usiku akaamka saa 11 alfajiri ameshapata masaa 10. Huyo ameshiba usingizi, na kumlazimisha arudi kitandani ni kutafuta vita. Sogeza mbele saa yake ya kulala kwa robo saa kila baada ya siku chache.

Anayelala saa 4 usiku huku televisheni inawaka, na bado akaamka alfajiri, ana shida nyingine: amechoka. Mtoto mdogo akichoka kupita kiasi mara nyingi hasinzii. Anachachamaa, analia kwa jambo dogo, sauti inapanda. Wazazi wengi humchelewesha wakitumaini atachelewa kuamka, na kwa wengi haisaidii. Awahishwe kulala, na usingizi wake wa mchana usivuke saa 9 alasiri.

Kuelekea kupambazuka usingizi huwa mwepesi, ndiyo maana jogoo, bodaboda au mwanga kidogo dirishani humtoa kitandani. Tundika blanketi juu ya pazia jepesi.

Akishaamka, mpe chakula mapema. Ini lake dogo huweka akiba ndogo ya sukari, na usiku kucha amekuwa akiitumia. Uji unachelewa kuiva, kwa hiyo ndizi mbivu au kiazi kitamu cha jana kiwe karibu. Halafu kaa naye mkekani dakika chache kabla hujashika kazi. Mtoto wa umri huu hapigi kelele ili kukukomoa. Uwezo wa ubongo wake wa kujizuia bado mchanga mno. Ukimfokea kutoka chumba cha pili, naye atajibu kwa sauti ileile. Msogelee, chuchumaa, useme taratibu: "Njoo umwambie mama sikioni." Humwingia upesi kuliko "acha kelele", kwa sababu umempa jambo la kufanya. Mpe na kazi ya kimya, kama kuchambua maharage pamoja nawe. Baba akiwa amelala, sufuria na makopo yafichwe tangu usiku, na jua likitoka watoto wachezee nje, mbali na dirisha lake.

Simu naipinga waziwazi. Inanyamazisha kweli, lakini mtoto anayepewa katuni saa 11 alfajiri kesho ataamka kuzifuata. Mwongozo uleule unaweka kikomo cha saa moja kwa siku ya kutazama skrini kwa wenye miaka 2 hadi 4, na kwa wa mwaka mmoja hautaki kabisa.

Kuna kelele nyingine ambazo mpangilio wa nyumbani hautazimaliza. Anayeongea kwa sauti kubwa siku zote, au asiyegeuka ukimwita kwa nyuma, huenda hasikii vizuri. Anayekoroma na kulala mdomo wazi huenda ana nyama za puani zinazomkatisha usingizi. Anayejikuna makalio usiku huenda ana minyoo. Mmoja wa hawa mlete kliniki wiki hii, hata kama siku yake ya kupimwa uzito haijafika.