Usimzike mama aliye hai: dhana potofu za vijana wakimbizi waliofika peke yao

Wiki iliyopita kijana wa miaka kumi na sita kutoka Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, aliketi mbele yangu hapa Nairobi, akainamisha kichwa, akasema: "Maman, bazazi bangu bote balikufaka." Yaani: mama, wazazi wangu wote walikufa. Nikaanza kuandika. Sijamaliza mstari, simu yake ikaita juu ya meza. Kwenye kioo paliandikwa "Maman", na kikopa chekundu pembeni. Tuliitazama wote wawili mpaka ikanyamaza.

Yeye sikumkasirikia. Nilimkasirikia aliyemfundisha. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja katika mashauri ya watoto wakimbizi, na sentensi hiyo nimeisikia kwa Kiswahili cha Bukavu, kwa Kirundi, kwa Kisomali na kwa Kidinka kupitia mkalimani. Tangu mji wa Goma uanguke mikononi mwa waasi Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, naisikia karibu kila juma. Basi leo naandika.

"Yatima ndiye anayepata prosesi"

Prosesi ndilo jina la mtaani la safari ya kuhamishiwa nchi ya tatu, kama Marekani. Dhana hii haikutoka hewani. Mwaka 1992 kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, ilifunguliwa kupokea maelfu ya wavulana wa Sudan waliotembea kwa miguu hadi Ethiopia kuanzia miaka ya 1980, wakafukuzwa huko mtawala wa Ethiopia, Mengistu, alipoanguka mwaka 1991, wakavuka tena jangwa hadi Turkana. Mnamo 2000 na 2001 Marekani ikachukua zaidi ya 3,500 miongoni mwao. Kambi nzima ikaona: walioondoka ni wale wasio na wazazi. (Wasichana waliotembea safari ileile walikuwa wamegawiwa familia za kuwalea, wakaonekana wana kwao, na waliopata ndege walikuwa wachache mno. Hilo nalo watu waliliona.) Tangu hapo somo likakaa kwenye vichwa vya watu kama mhuri: ukitaka kuruka, kosa mama.

Ambacho hakisimuliwi ni kilichofuata. Baadhi ya vijana wale, walipopata simu na intaneti huko Marekani, waligundua mama zao wako hai. Wao hawakudanganya, waliamini kweli kwamba wamebaki pekee. Leo ninaletewa watoto wanaozungumza na mama zao kila Jumapili usiku, na mchana wanamzika mbele yangu.

Sasa sheria. Mkataba wa kimataifa wa wakimbizi wa 1951 unamtambua mkimbizi kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya kabila au rangi, dini, uraia, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Mkataba wa OAU, uliokuwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa 1969 ukaongeza anayekimbia uvamizi, ukaliaji wa kigeni au vurugu kubwa zilizovunja utulivu wa nchi. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021 imechukua yote mawili. Isome juu chini, neno yatima hulikuti kama sababu ya kupewa hifadhi. Anayeihoji kesi yako anataka kujua ulikimbia nini na kwa nini huwezi kurudi. Ukimpa misiba miwili ya kubuni badala ya jibu hilo, umemnyima kitu pekee alichohitaji. Na kijana aliyekimbia kweli Uvira au Masisi haishiwi sababu za kweli! Hilo ndilo linaloniuma: ana dhahabu mfukoni, anakuja kuniuzia shaba.

Kuhusu prosesi yenyewe, watoto walio hatarini ni kundi mojawapo linaloweza kupendekezwa kuhamishiwa nchi ya tatu, ndiyo. Lakini kabla faili la mtoto aliye peke yake halijasogea, lazima lipite kwenye uamuzi wa maslahi bora ya mtoto. Kikao kinakaa, na swali lake la kwanza ni: familia imetafutwa? Wapi, na nani, na jibu likawa nini? Kwa hiyo aliyesema hana mtu hajapata njia ya mkato. Ameingia kwenye foleni yenye maswali mengi kuliko ya mtu mwingine yeyote. Ataulizwa wamekufa lini, nani alizika, wewe ulikuwa wapi, nani alikupa habari. Atayajibu Machi. Ataulizwa tena Novemba na mtu mwingine, na majibu ya Machi yatakuwa mezani. Nimeona baba aliyekufa mara mbili, mwaka 2019 kwa risasi na mwaka 2021 kwa malaria.

Na nafasi zenyewe ni ngapi? Kila mwaka wanaohamishwa hawafiki asilimia 1 ya wakimbizi wote duniani. Januari 2025 Marekani, iliyokuwa ikichukua wengi kuliko nchi nyingine, ilisimamisha mpango wake, na kwa mwaka wa fedha 2026 ikatangaza kikomo cha watu 7,500, wengi wao wakiwa Makaburu wa Afrika Kusini. Anayekuahidi tiketi kwa dola mia tatu ni tapeli. Usajili, mahojiano, mapendekezo ya prosesi, vyote ni bure. Hakuna "kuharakisha".

Bado sijafika penye uchungu. Kitendo cha kutamka kwamba mama amekufa kinazima utafutaji. Chukua mfano: mama yako alivukia upande wa Tanzania, akasajiliwa Nyarugusu kule Kasulu, na kwenye fomu yake akakutaja kwa jina kama mtoto aliyepotea. Huku Nairobi faili lako linasema ni marehemu tangu vita ianze. Anayelinganisha orodha hizo mbili anaona wanawake wawili tofauti. Wewe mwenyewe umefunga mlango kwa ndani.

Tuseme hata umebahatika ukafika Ulaya. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2003 kuhusu kuunganisha familia inampa mtoto mkimbizi aliyefika peke yake haki ya kuletewa wazazi wake. Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja huo, katika kesi ya binti Mwiritrea aliyekuwa Uholanzi, iliamua kwamba mtoto aliyetimiza miaka 18 wakati ombi lake la hifadhi likisubiri hapotezi haki hiyo, mradi awahi kuiomba akishakubaliwa. Haki nzito kabisa, na inahitaji mzazi aliye hai, mwenye jina, anayeonekana kwenye maelezo yako ya kwanza. Uingereza haina ukarimu huo: mtoto mkimbizi haruhusiwi kuwaita wazazi kwa njia hiyo. Marekani nako utasubiri uwe raia na ufikishe miaka 21, ndipo umwombee mama. Siku hiyo afisa atafungua faili la zamani akuulize: huyu si alikufa? Kipimo cha DNA kitathibitisha ni mama yako. Kitathibitisha pia kwamba ulidanganya.

Nimesema simlaumu mtoto. Mara nyingine hata dalali anayewauzia watoto hadithi hizi hahusiki. Mama mmoja niliyempigia, baada ya mwanawe kukubali, aliniambia bila kusita: "Mimi ndiye niliyemwambia aseme nimekufa. Kama kufa kwangu kutamfikisha mbali, acha nife." Nilikosa la kumjibu. Bibi yangu angesema huo ni uchuro, kujiita marehemu ukiwa unapumua. Mimi nilimwambia tu kwamba hakutamfikisha popote, na nikamsomea jina lake herufi kwa herufi tuliandike sawasawa.

Wengine wanaficha kwa hofu kwamba mzazi akipatikana watarudishwa vitani. Haiko hivyo. Kutafutiwa familia hakufuti ombi lako la hifadhi, na hakuna anayeruhusiwa kukurudisha mahali penye hatari kwa sababu tu mama yako yuko huko. Huduma ya Msalaba Mwekundu ya kutafuta ndugu ni bure, inafanyika kwa ridhaa yako, na ujumbe wanaoupeleka ni wa habari za kifamilia tu: niko hai, nasoma, msalimie bibi.

Ulishadanganya tayari? Njoo urekebishe kabla hujaulizwa. Maelezo ya marekebisho ni ukurasa mmoja na sahihi. Anayejirekebisha mwenyewe akiwa mtoto hutazamwa tofauti kabisa na aliyenaswa.

"Punguza umri, utahurumiwa"

Mtoto kisheria ni aliye chini ya miaka 18, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inasema hivyohivyo. Ukiwa na 17 wewe tayari ni mtoto; unapunguza ya nini? Kipimo cha mifupa ya kiganja au meno kinaweza kukosea kwa miaka, ndiyo maana shaka ikibaki hupewa mtoto. Lakini kijana wa miaka 20 aliyejiandika 15 atakaa darasa la watoto akiwa na ndevu, na atangoja miaka mitatu ya bure kufanya mambo ya watu wazima. Kama tarehe huijui, sema huijui. Utaandikiwa Januari mosi kama wakimbizi wengine chungu nzima, na hakuna aliyekufa kwa hilo.

"Niliingia kwa njia za panya, nitafungwa"

Kuvuka bila pasi kwa ajili ya kuomba hifadhi hakukunyimi hifadhi. Kinachoharibu ni kujificha. Sheria ya Kenya inataka ujitokeze mara ufikapo, au ndani ya siku 30. Nenda Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Serikali ndiyo inayoamua hadhi yako siku hizi, UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, wanasaidia.

"Mtoto hawezi kuomba bila mtu mzima"

Anaweza, kwa jina lake mwenyewe. Usikodi "mjomba" wa kuja naye. Mjomba wa kukodi ana tabia ya kubaki na karatasi zako.

"Shangazi si mzazi, kwa hiyo niko peke yangu"

Tuna maneno mawili kwa sababu mambo ni mawili. Kuna mtoto asiye na mtu mzima yeyote wa kumwangalia, na kuna aliyetengana na wazazi lakini yuko na ndugu. Mtaje shangazi. Ukimficha, unaweza kupangiwa malezi ya kambo nyumba ya mbali, naye akabaki Kayole, hapa Nairobi, analia.

Ushauri wangu wa kila siku, ambao unawafanya vijana wanicheke: karatasi na kalamu. Simu huibwa, na namba za wazazi huenda nayo. Andika jina kamili la mama, la ubatizo au la msikitini, lakabu yake, mtaa wenyewe, parokia, shule uliyosoma, chifu wa mahali. Ukiniambia "mama yuko Uvira" ni kama kunituma Kiambu nikamtafute Wanjiku, jina la wanawake chungu nzima huko.

Yule kijana alirudi Jumatatu na kurasa mbili za daftari la mistari, zimejaa pande zote. Jina la chifu tu lilikuwa halipo. Alisema atamuuliza mama.