Pikapu ya vinteji kwenye gitaa la umeme ni kitu gani hasa

Huku Malindi gitaa nyingi za bendi za hoteli na za harusi ni zile za bei nafuu, na mwenyewe akitaka ile sauti ya roki ya miaka ya 60 na 70 ataambiwa tu "badilisha pikapu weka za vinteji", yaani za mtindo wa kizamani, na basi, hakuna anayemfafanulia vinteji ni nini.

Tuanze na pikapu yenyewe. Ni kile kidude kilicho chini ya nyuzi, ndani yake mna sumaku na waya mwembamba sana wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara, uzi wa chuma ukitetema pale juu ile nguvu ya sumaku inatikisika na umeme mdogo mno unazaliwa kwenye waya, huo ndio unaokwenda kwa amplifaya. Ndio maana uzi wa nailoni haushikwi hata upige vipi.

Sasa wengi wanadhani pikapu ya vinteji ina nguvu zaidi. Wapi! Ni dhaifu, na udhaifu ndio wanaoulipia. Ukiongeza mizunguko ya waya sauti inatoka kubwa na nzito lakini ule ukali wa juu unapotea, inakua kama samaki aliyezamishwa kwenye tui zito, utamu upo lakini samaki mwenyewe humsikii. Zile za kizamani zina mizunguko michache kwa hiyo unasikia kidole, unasikia mti, ukipiga polepole inasafika na ukipiga kwa nguvu ndio amplifaya inaanza kukoroma. Ukitaka kujua chukua mita upime ukinzani wa waya: pikapu za gitaa la Stratocaster la Fender za mtindo wa 1954 zinasoma kama kilo-om 6 hivi, hambaka (pikapu za koili mbili, koili ni ule waya uliozungushwa) za kampuni ya Gibson za mwisho wa miaka ya 50 zinacheza kwenye 7 mpaka 9, zile za muziki wa hevi metali zinaweza kufika 14 na kupita. Hiyo namba si kila kitu lakini inakuonyesha njia.

Hambaka ni koili mbili zinazofutana ule mngurumo wa stima. Aliyeibuni pale Gibson ni Seth Lover, hataza ikaombwa 1955, na kuanzia 1957 ikawekwa kwenye gitaa lao la Les Paul ikiwa na kibandiko chini kinachosema hataza imeombwa, kwa Kiingereza "Patent Applied For", ndio zile watu wanaziita PAF. Kichekesho ni kwamba wakati ule mizunguko haikua inalingana na hata sumaku zilikua zinabadilikabadilika, kwa hiyo PAF mbili za mwaka mmoja zaweza kutoa sauti tofauti kabisa, na anayekuuzia "sauti halisi ya PAF" anakuuzia moja tu kati ya nyingi.

Sumaku zenyewe zilikua alniko, yaani chuma kilichochanganywa na alumini, nikeli na kobalti. Namba 2 ni laini, namba 5 inauma zaidi. Gitaa nyingi za bei nafuu huwekwa za keramiki, si mbaya, ila zinakua kali kuliko unavyotaka kwa kazi hii.

Kwetu kuna jambo la chumvi pia. Alniko ina chuma ndani kwa hiyo upepo wa bahari unaitia kutu, na pikapu zile ambazo waya umezungushwa juu ya sumaku moja kwa moja kutu ikiingia inakata waya, pikapu inakufa. Tafuta iliyochovywa nta, hiyo inasaidia na pia haipigi mluzi ukisimama karibu na amplifaya kwenye stegi ndogo.

Kubadilisha si kazi kubwa, fundi wa redio anayejua kulehemu anaiweza, mwambie tu asichanganye waya wa ardhi. Muangalie na zile poti za volyumu: pikapu ya koili moja, kama ya Stratocaster, huwekewa kilo-om 250, hambaka 500, maana ukiiwekea hambaka ya 250 itasikika imefunikwa. Na hambaka kubwa haiingii tundu la koili moja bila kuchonga mti, pima kwanza.

Lakini kabla hujaagiza chochote chukua bisibisi uzishushe hizo ulizonazo kidogokidogo zitengane na nyuzi, halafu punguza volyumu ya gitaa upandishe ya amplifaya, sikiliza. Kuna wengine huishia hapo na pesa yao inabaki mfukoni.