"Shusha hapo!": Mtoto mwenye usonji anaporudia maneno

Swali ninaloulizwa sana na wazazi wa watoto wenye usonji (autism) ni hili: "Dokta, ataacha lini kurudiarudia?" Unamwuliza mtoto, "Unataka maji?" naye anakujibu, "Unataka maji?" Wengine wameshashauriwa wamkataze mpaka aache. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya mawasiliano, na ninawasihi wasimkataze.

Mtoto mmoja wa miaka sita niliyemhudumia Dar es Salaam alikuwa na kawaida ya kupaza sauti katikati ya kipindi: "Shusha hapo!" Sauti ni ileile ya abiria wa daladala. Bibi yake akawa anamwambia, "Mjukuu wangu, hapa si kwenye gari." Tukaanza kuandika anaisema wakati gani. Feni ikianza kuvuma, anasema. Kelele zikizidi koridoni, anasema. Mchezo ukimchosha, anasema. Kumbe alikuwa anaomba kutoka! Kwenye daladala, neno hilo likitamkwa gari husimama na watu hushuka. Akalibeba zima zima na kulitumia panapohusika. Bibi akaanza kumjibu, "Haya, tutoke," nasi tukawa tunamtamkia kando yake, "Nataka kutoka," bila kumlazimisha aseme.

Mwaka 1981, watafiti Barry Prizant na Judith Duchan walichunguza video za watoto wenye usonji wakaonyesha kuwa kurudia huko kuna kazi: kushika zamu ya mazungumzo, kuomba, hata kusema ndiyo. Watoto wengi hujifunza lugha kwa mafungu namna hii, kisha huyavunja taratibu na kuunda sentensi zao wenyewe. Ukimnyamazisha, unamnyang'anya malighafi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema ndani ya mtoto huyu kuna mtoto "wa kawaida" aliyefungiwa. Usonji ni namna ubongo wake ulivyojijenga tangu tumboni, na vinasaba vina mchango mkubwa. Haukuletwa na chanjo, wala laana, wala malezi ya mama. Na kutoelewana kuna pande mbili, jambo ambalo Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alilieleza mwaka 2012: sisi nasi tunashindwa kuwasoma wao, ila lawama huwaangukia wao peke yao.

Haya hayaondoi mahitaji yake. Wako watakaohitaji uangalizi maisha yao yote. Kifafa huwapata wengi wao kuliko watu wengine, nacho kinatibiwa hospitalini. Kukosa usingizi vilevile kunahitaji msaada. Lakini anayekuuzia dawa ya kuondoa usonji, usimpe hela yako. Dawa hiyo haipo.

Mkija kliniki, njooni na daftari. Andikeni sentensi anayoirudia kama anavyoitamka, mnadhani aliisikia wapi, na nini kilitokea dakika chache kabla hajaisema. Dada wa kazi naye aandike, maana mara nyingi ndiye anayeshinda na mtoto.