Maccabiah: Je, ni ya Wayahudi peke yao?

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba Maccabiah, yale mashindano makubwa ya Wayahudi kule Israeli, mtu asiye Myahudi hawezi kukanyaga uwanjani. Dhana hiyo inaeleweka, jina lenyewe linakupeleka huko, maana linatokana na Wamakabayo, wapiganaji wa Kiyahudi wa kale. Ila sheria yao iko hivi: ukitoka nje ya Israeli, sawa, lazima uwe Myahudi, lakini timu ya Israeli inapokea raia yeyote wa nchi hiyo, awe Mwarabu Mwislamu, Mkristo au Mdruzi (mfuasi wa dini ndogo ya Mashariki ya Kati), na wameshashiriki kweli, wanavaa jezi ileile na medali wanavalishwa shingoni kama wenzao.

Halafu kuna wanaodhani ni bonanza tu la kupashana viungo. Hapana jamani. Yalianza Tel Aviv mwaka 1932, na tangu 1953 ratiba yake kwa kawaida ni kila baada ya miaka minne, mwaka mmoja baada ya Olimpiki, na waogeleaji waliobeba dhahabu za Olimpiki wamepita humo.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, usiishie kwenye kichwa cha habari, fungua masharti ya kushiriki, soma kile kipengele cha uraia, kisha pitia majina ya kikosi cha Israeli moja moja.